Nafaka ya Mtoto ni Deni, na Deni Huandikwa



Ndugu wasomaji, kati ya maswali yaletwayo na ndugu waliojiunga karibuni na Jumuiya, na hata na wale ambao bado wanachunguza, liko moja lirudilo mara kwa mara. Talaka ikishapita na eda ikaisha, mwanamume amebakiwa na wajibu gani juu ya watoto wakaao kwa mama yao? Na akiwa anatoa, je, yafaa Mwislamu aandike kila shilingi anayompa mtalaka wake, au kufanya hivyo ni dalili ya ubahili na ya kutoaminiana?

Nilikuwa nimekusudia kujibu kwa maneno machache. Lakini jambo nililolishuhudia katika kata ya Dimani, Wilaya ya Kibiti, lilinionyesha kwamba swali hili si dogo, na kwamba wanaoumia kwa kukosa jibu lake si wale walioachana, bali ni watoto.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, nikafuatana na ndugu wawili kwenda huko kwa mafunzo. Baada ya sala ya Alasiri tuliombwa tukae na wazee wa familia mbili waliokuwa na shauri. Mwanamume mmoja, mvuvi, alikuwa amemwacha mke wake yapata miaka mitatu. Walikuwa na watoto wawili, mvulana wa darasa la sita na msichana mdogo, nao walikaa na mama yao nyumbani kwa mjomba wao. Baba yao hupiga dago katika visiwa vya delta ya Rufiji akivua kamba, kisha hurudi bara kuhudumia mikorosho yake.

Mama alieleza kwamba katika miaka mitatu hiyo alipokea fedha mara chache tu, na kidogo, na kwamba sare za shule zilinunuliwa na kaka yake. Akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Baba akaeleza kwamba hapakupita safari hata moja bila yeye kutoa chochote, na kwamba kila mara alimkabidhi mdogo wake apeleke. Naye akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wazee wakatazamana. Yule mvulana alikuwa ameketi karibu na mlango, akisikia yote.

Akaitwa baba mdogo wa watoto. Alisema kweli, kwa kusitasita. Baadhi ya fedha alizifikisha. Nyingine alizitumia mtoto wake mwenyewe alipougua, na nyingine akanunulia nyavu, akiwa na nia ya kurudisha. Kiasi gani? Hakumbuki. Mtoaji naye hakukumbuka alitoa jumla ya shilingi ngapi, wala mpokeaji hakukumbuka alipokea ngapi. Hapakuwa na karatasi hata moja.

Usiku ule mvulana alinijia mahali nilipofikia, akaniuliza: “Sheikh, kati ya baba na mama, nani ameapa uwongo?”

Nilimjibu kwamba hakuna. Baba alisema kweli, kwa kuwa fedha zilitoka mkononi mwake. Mama alisema kweli, kwa kuwa hazikufika mkononi mwake. Lakini niliona usoni mwake kwamba tayari alikuwa ameishi miaka mitatu akiamini kuwa mmoja wa wazazi wake ni mwongo, na hakuwa amejua amchukie yupi. Huo ndio msiba ambao Uislamu umetaka kuuzuia, nao umeuzuia kwa njia mbili. Umeweka wazi kwamba nafaka ya mtoto ni haki, wala si hisani, kisha umeamuru kwamba haki za watu ziandikwe.

NAFAKA NI HAKI YA NANI?

Yafaa kwanza tulielewe neno lenyewe. Sisi Waswahili tukisema nafaka, wengi hufikiri mahindi, mpunga na mtama. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya matumizi, yaani kile ambacho mtu hutoa kwa ajili ya wale wanaomtegemea. Mahakamani siku hizi husemwa matunzo. Jina lolote litumikalo, jambo ni moja: chakula, mavazi, makazi, dawa na elimu ya mtoto.

Kurani Tukufu imelieleza jambo hili katika sura ya 2 aya ya 234. (Sisi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, hivyo katika misahafu mingine aya hiyo ni ya 233.) Humo yaelezwa kwamba mama aweza kumnyonyesha mtoto miaka miwili kamili, na kwamba ni juu ya baba kumpatia mama huyo chakula na mavazi kwa wema unaofahamika. Kisha yawekwa kanuni ambayo kila aliyeachana angepaswa kuikariri asubuhi na jioni: mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mtoto wake, wala baba asitiwe taabuni kwa sababu ya mtoto wake. Yaani mtoto asifanywe fimbo ya mzazi mmoja kumpigia mwenziwe.

Tena katika Sura Talaka, sura ya 65, aya ya 7 na ya 8, yaamriwa kwamba wanawake walioachwa wakiwanyonyesha watoto wapewe ujira wao, na kwamba wazazi washauriane kwa wema. Mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na ambaye riziki yake imebanwa atoe katika kile alichopewa na Mwenyezi Mungu, kwani hamkalifishi mtu zaidi ya alichompa.

Tazama hekima iliyomo. Amri haikusema kwamba maskini asitoe. Imesema maskini atoe katika umaskini wake. Wala haikusema kwamba tajiri atoe sawasawa na maskini ili mama asinufaike. Kipimo ni uwezo wa baba kwa upande mmoja na mahitaji ya mtoto kwa upande mwingine.

Hadithi zalithibitisha jambo hilihili. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Hindi binti Utba alimwendea Mtukufu Mtume s.a.w. akalalamika kwamba mumewe Abu Sufyan hampi matumizi yamtoshayo yeye na watoto wake. Mtume s.a.w. alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kile kitakachowatosha kwa wema. Hindi alikuwa bado mke wa Abu Sufyan, lakini kanuni ni pana: haki ya mtoto iko tayari ndani ya mali ya baba yake. Baba atoapo nafaka hampi mtoto kilicho chake baba, bali amkabidhi mtoto kilicho chake mtoto. Na imepokewa katika Sunan Abu Daud kwamba yamtosha mtu kuwa mwenye dhambi kuwatelekeza wale ambao riziki yao iko juu yake.

Na wale wadhanio kwamba haya ni ya msikitini tu, serikali haiyatambui, na wajue kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 imeweka juu ya mwanamume wajibu wa kuwatunza watoto wake kwa makazi, mavazi, chakula na elimu, wawe wanakaa naye au wanakaa na mtu mwingine, kadiri ya uwezo na hali yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaongeza kwamba mahakama ipimapo matunzo huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapokaa. Msomaji mwenye insafu ataona jinsi akili za watunga sheria wa zama hizi zilivyofika karibu na pale ambapo Kurani Tukufu ilituweka zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

MKONO WA NANI UPOKEE?

Kosa la ndugu yetu wa Dimani halikuwa ubahili. Alitoa. Kosa lake lilikuwa kwamba aliipitisha amana ya watoto wake katika mkono usiohusika, kisha akahesabu kwamba amelipa. Lakini mwenye deni la dukani akimpa mtu mwingine fedha, na mtu huyo asizifikishe, mwenye duka halifuti jina lake kwenye daftari. Deni hulipwa linapofika kwa mwenyewe, halilipwi linapoondoka kwa mdaiwa.

Basi nafaka ikabidhiwe kwa yule anayemlea mtoto, naye aghalabu ni mama. Isipitishwe kwa mdogo wa baba, wala shangazi, wala mke mpya. Zaidi ya wote asitumwe mtoto mwenyewe. Nimewaona watoto wa miaka minane wakitumwa kwa baba kudai, kisha wakirudishwa kwa mama na maneno makali badala ya fedha. Mtoto huyo hufundishwa kwamba yeye ni mzigo unaobishaniwa bei, na fundisho hilo halitoki upesi moyoni.

Hapa wengine huuliza: Je, si makosa mwanamume kuonana na mtalaka wake, hali eda imekwisha na wao si mume na mke tena? Ni kweli kwamba hawaruhusiwi kukaa faragha wawili peke yao. Lakini kukabidhiana haki si faragha. Aende nyumbani kwa wazee wa mwanamke au kwa kaka yake, wakati wa mchana, atoe salamu, akabidhi mbele yao, aulize hali ya watoto, aondoke. Na Mwenyezi Mungu ametufungulia njia nyingine pia. Tangu mwaka 2008 fedha zaweza kutumwa kwa simu katika nchi yetu, na leo hata mvuvi aliyeko visiwani, akipata mahali mtandao unaposhika, aweza kumfikishia mama wa watoto wake fedha bila kupitia mkono wa tatu. Sharti ni moja, laini ipokeayo iwe imesajiliwa kwa jina la mama mwenyewe, isiwe ya jirani wala ya mwenye kibanda.

AMRI YA KUANDIKA

Sasa twafika kwenye sehemu ya pili ya swali. Katika sura ya 2 aya ya 283 (kwa hesabu nyingine 282), ambayo ni aya ndefu kupita zote katika Kurani Tukufu, Mwenyezi Mungu hazungumzi juu ya sala wala saumu. Azungumza juu ya kuandika madeni. Aagiza kwamba mwandishi aandike kwa uadilifu, kwamba anayejua kuandika asikatae, kwamba mashahidi wawekwe, na kwamba watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Kisha ataja sababu tatu: kufanya hivyo kwapendeza zaidi kwa uadilifu mbele ya Mungu, kwaimarisha ushahidi, na kwakaribisha zaidi watu kuepukana na shaka.

Ni kweli kwamba aya hiyo yaanza kwa kutaja deni lenye muda maalumu. Lakini nafaka ya mtoto ni nini kama si deni lenye muda, ambalo hurudi kila mwezi mpaka mtoto akue? Na katika sura ya 4 aya ya 7, wale wanaowarudishia mayatima mali zao wameamriwa waweke mashahidi wakati wa kukabidhi. Ikiwa mlezi amkabidhiye yatima mali yake amehitaji shahidi, kwa nini baba akabidhiye haki ya mtoto wake asihitaji?

Atakayesema kwamba maandishi ni ya wasioaminiana, na amtazame Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. Tangu ujana wake watu wa Makka walimwita al-Amin, Mwaminifu. Hata hivyo imepokewa katika Tirmidhi kwamba ilipokuwapo biashara kati yake na sahaba al-Adda bin Khalid, iliandikwa hati yenye majina ya wote wawili. Je, yupo kati yetu aliye mwaminifu kuliko yeye, hata aone aibu kuandika?

Nasi Waahmadiyya tunao mfano wetu wa kila mwezi. Ndugu atoapo chanda yake, Katibu wa Mali humpa risiti, hata kama ni shilingi chache. Hakuna aliyewahi kusema kwamba risiti ile ni matusi. Twajua kwamba mali ya Mungu haichezewi. Basi mali ya mtoto, ambaye hana sauti wala nguvu ya kudai, ichezewe? Na wakulima wa Kibiti wajua zaidi. Hakuna mkulima wa korosho au ufuta akubaliye kuacha magunia yake katika ghala la chama bila stakabadhi. Utaratibu wa stakabadhi za maghala umewekewa sheria tangu mwaka 2005, na kila mtu aelewa kwamba bila karatasi ile siku ya malipo atarudi mikono mitupu. Kama gunia la korosho lina stakabadhi, mtoto asikose.

Ama wale waogopao riya, wakisema kwamba mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia, hao wamechanganya sadaka na deni. Sadaka yafaa kufichwa. Deni hulipwa kwa ushahidi. Wala daftari halitundikwi barazani ili majirani walisome. Lakaa ndani ya sanduku mpaka siku litakapohitajiwa, na pengine siku hiyo isifike kamwe.

NAMNA YA KUANDIKA

Jambo lenyewe ni jepesi. Yanunuliwe madaftari mawili ya shule, moja la baba na moja la mama, na kila kiandikwacho katika moja kiandikwe katika la pili. Ukurasa wa kwanza yaandikwe mapatano: majina ya watoto, kiasi kilichokubaliwa, wakati wa kutolewa, na nani atagharimia nini shuleni na hospitalini. Wazazi watie sahihi pamoja na mashahidi wawili, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Baada ya hapo kila malipo yapate mstari wake: tarehe, kiasi, ni ya nini, imepitia njia gani, na sahihi ya aliyepokea.

Fedha ikitumwa kwa simu, ujumbe wa muamala usifutwe. Lakini ujumbe peke yake hautoshi, maana simu huibwa, huharibika, na kwa watu wa delta huanguka majini. Namba ya muamala inakiliwe daftarini siku ileile. Baba aliyemlipa fundi cherehani kwa ajili ya sare, au aliyeleta debe la mchele au kapu la samaki, naye aandike, pamoja na thamani waliyopatana. Lakini pipi, jezi ya mpira na zawadi za Idi zisiandikwe. Hizo ni mapenzi ya baba, na mapenzi hayakatwi katika deni.

Mapatano yafuate hali ya riziki. Mshahara huja kila mwezi, lakini bahari haina mwisho wa mwezi. Mvuvi hupata wakati wa bamvua na hukosa wakati wa maji mafu, na mkulima hungoja msimu. Basi si lazima wazazi wa Rufiji wapatane kama makarani wa mjini. Waweza kukubaliana kwamba kila mwezi patolewe kiasi kidogo kisichokatika cha chakula, na fungu kubwa litolewe korosho ziuzwapo, kuanzia mwezi wa Oktoba na kuendelea. Fungu hilo litakuwa mkononi kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari. Ada ya shule za sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na sita. Lakini sare, viatu na madaftari bado vyataka fedha, nao Januari haumngoji mtu.

Mwezi ambao baba amekosa kabisa, asijifiche. Mwenye kukosa aje aseme amekosa, iandikwe kwamba mwezi huu hakikutolewa, na lini atajitahidi kufidia. Mstari huo mtupu ulioandikwa kwa ukweli ni bora kuliko ahadi kumi za barabarani. Na mwisho wa mwaka wakae mbele ya mashahidi walewale, wajumlishe, waseme kilichotoka na kilichobaki.

VISINGIZIO NA MAJIBU YAKE

Wako wasemao: “Yeye ameolewa tena, basi mumewe alishe.” Lakini talaka yavunja ndoa, haivunji ubaba. Mume mpya akimlisha mtoto ni ihsani yake, na Mungu atamlipa. Deni la baba labaki palepale.

Wengine husema: “Fedha ninazotoa azila mwenyewe.” Ndugu yangu, chungu ni kimoja. Huwezi kuweka unga wa mtoto peke yake katika chungu cha nyumba nzima. Aya tuliyoitaja yamwamuru baba amlishe na kumvisha mama anyonyeshaye, kwa kuwa mtoto hunufaika kwa afya ya mlezi wake. Hata hivyo, ikiwa kuna shaka ya kweli kwamba watoto wanateseka, yapelekwe malalamiko kwa wazee, au kwa viongozi wa Jumuiya, au kwa afisa ustawi wa jamii. Kukata nafaka si njia ya kumwadhibu mama, kwa sababu adhabu ile humfikia mtoto kwanza.

Wengine husema: “Amenizuia kuwaona watoto, nami nazuia fedha.” Hizi ni haki mbili, wala moja si bei ya nyingine. Mama afanyaye hivyo amekosea, na baba afanyaye hivyo amekosea, na mtoto amedhulumiwa mara mbili kwa siku moja.

NENO KWA AKINA MAMA

Dada zangu, daftari hili ni ngao yenu pia. Mwanamke mwenye maandishi hahitaji kulia barazani ili aaminiwe. Lakini lina amana juu yenu vilevile. Aliyepokea asikatae kutia sahihi, wala asiandike pungufu ya alichopewa. Na mtoto auliziapo, ambieni kweli: “Baba yako ameleta.” Maneno hayo matatu hayapunguzi heshima ya mama, na humjengea mtoto ukuta ambao fedha haziwezi kuujenga. Tusiseme kwamba hakuleta kitu, hali sare iliyo mwilini mwa mtoto imeshonwa kwa jasho lake.

MWISHO WA SHAURI

Asubuhi ya pili tulikaa tena. Mmoja wa wazee alipendekeza kwamba mvulana, kwa kuwa asoma darasa la sita na mwandiko wake ni mzuri, awe ndiye mwandishi. Nikaomba isiwe hivyo, maana mtoto asifanywe karani wa deni la wazazi wake. Mjomba wake alikubali kuandika. Yakanunuliwa madaftari mawili. Ya nyuma hayakuweza kuhesabiwa na mtu yeyote, kwa hiyo yalimalizwa kwa sulhu. Baba mdogo alikubali kutoa magunia mawili ya korosho msimu ujao kwa ajili ya watoto, na yaliyozidi mama akasamehe. Akasema asamehe kwa ajili ya Mungu, ila asingependa kusamehe tena. Neno hilo lilikuwa la haki. Anayelazimishwa kusamehe kila mwaka, huyo anadhulumiwa.

Kisha baba akatoa alichokuwa nacho siku ile, si kingi, akamkabidhi mama wa watoto wake mbele ya wote. Mjomba akaandika mstari wa kwanza. Mama akatia sahihi.

Seyidna Ahmad a.s., katika kitabu chake Safina ya Nuhu cha mwaka 1902, amefundisha kwamba mwanamume asiyeishi na mkewe na jamaa wa mkewe kwa upole na wema si katika Jumuiya yake. Tusidhani kwamba wema huo wafika mwisho siku ya talaka. Kurani Tukufu, sura ya 2 aya ya 238, ikizungumza juu ya hao hao wanaoachana, yawakumbusha wasisahau kufanyiana hisani. Ndoa yaweza kushindikana. Hilo laweza kumpata hata mcha Mungu. Lakini jinsi mtu anavyomtendea yule ambaye hana haja naye tena, hapo ndipo dini yake hujulikana.

Basi kila ndugu mwenye mtoto mahali ambapo yeye hakai, na ajiulize leo kabla ya kulala: Nikifa usiku huu, je, kuna maandishi yatakayomwambia mwanangu kwamba sikumtupa? Kama hayapo, daftari ni la bei ndogo, na kalamu ni ya bei ndogo zaidi.

Mwenyezi Mungu atujalie tuwe watimizaji wa amana, na awafanye watoto wetu wawe kitulizo cha macho ya wazazi wao wote wawili. Amin.